Mama, sema kabla hujaingia: niliyoongea Jumamosi kuhusu skana za mwili uwanja wa ndege

Wale mliokosa Jumamosi kwa sababu ya mvua, hii hapa. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziruka maana projekta yenyewe ilizima mara mbili na mwisho tukaiacha.

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana mliojificha kule nyuma karibu na maandazi, nimewaona, hamjambo.

Jamani mmeniita niongelee safari, na najua wengi mlitegemea niongelee viza na bei za tiketi maana ndo kazi yangu, nimekata tiketi za watu miaka 19 pale Kariakoo. Leo siongelei tiketi. Naongelea sekunde chache tu za safari nzima, zile sekunde umesimama ndani ya kibanda cha kioo, miguu umeitanua, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na mashine inakupitia. Nani humu ndani ameshapita kwenye kitu hicho? Nyoosheni mikono. Ehee, wengi. Sasa nani kati yenu aliambiwa kwamba anaweza kusema mimi sitaki mashine, nikagueni kwa mikono? Mkono mmoja. Mkono mmoja ukumbi mzima, na huyo ni kijana anasoma Canada.

Nianze na mama yangu mzazi, yupo pale mstari wa mbele ameshaanza kunikazia macho.

Mama alikuwa anaenda kumuona mjukuu wake Ulaya. Tulimfungia kila kitu, dawa zake, dagaa kidogo (msiniulize ulipitaje), na mama kwa akili zake za kizamani dola 600 akazifunga kwenye kibindo, kanga chini ya dera, kama alivyokuwa anaficha hela ya soko tangu mimi mdogo. Akafika uwanja mmoja wa kuunganisha ndege, siutaji jina, akaelekezwa kwa ishara aingie kwenye kibanda. Akaingia. Mashine ikachora kile kikatuni chake, na kiunoni pale kwa mama kikatokea kiboksi cha njano. Mashine haijui hela wala haijui bomu, inajua tu hapa kuna kitu si mwili. Sasa yule ofisa, mwanamke, kwa haraka ya foleni, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye kibindo. Bila kusema kitu, au alisema ila kwa lugha ambayo mama haijui. Mama akafanya kile ambacho mama yeyote wa hapa angefanya mtu akimshika kibindo. Akapiga kelele. Mwiziiii!

Mnacheka. Hata mimi nilicheka mwanzo. Lakini pale hakucheka mtu, walikuja maofisa wanne, wakamweka chumbani, wakatafuta mkalimani kwa simu, na kufika kuelewana kwamba huyu ni bibi na hela zake za matumizi, ndege ya pili ilishaondoka, mama amelala kwenye viti vya uwanja usiku kucha na mkoba wake kama mto. Na kinachoniuma mpaka leo, pembeni ya kile kibanda palikuwa na tangazo. Mdogo wangu alikuja kulipiga picha baadae alipopita pale pale. Linasema una haki ya kukataa skana na ukakaguliwa kwa njia nyingine. Lipo kwa lugha tatu, na katika hizo tatu mama hajui hata moja.

Kwa hiyo wazee wangu neno langu la leo ni hili na nitalirudia mpaka mchoke. Kukaguliwa huwezi kukataa. Namna ya kukaguliwa, nchi nyingi unaweza kuchagua. Lakini sema KABLA hujaingia. Kabla! Ukishanyoosha mikono juu umeshachagua.

Tujiulize, hizi mashine zimetoka wapi? Maana sisi wengine tulianza kusafiri enzi unapita na chupa yako ya uji. Kila usumbufu wa uwanja wa ndege una mtu wake. Kuvua viatu kulianza na Richard Reid, tarehe 22 Desemba 2001, ndege inatoka Paris inaenda Miami, kajaribu kulipua baruti iliyokuwa kwenye kiatu. Marekani wamevulisha watu viatu miaka na miaka mpaka Julai 2025 ndo wakasema basi, vaeni. Maji na vimiminika ni Agosti 2006, London, wale waliopanga kupitisha milipuko kwenye chupa za soda, ndo tukapata mililita 100 zetu na vimfuko vya plastiki. Na skana ni Krismasi ya 2009, kijana wa Kinigeria Umar Farouk Abdulmutallab, ndege ya Amsterdam kwenda Detroit, baruti kaishona kwenye chupi. Sasa lile lango tulilozoea, la kulia piii, linasikia chuma tu. Baruti ya kwenye chupi haina chuma. Lango linakaa kimya. Basi baada ya hapo kila nchi ikakimbilia skana, na ndo maana zinatazama sana sehemu zile zile ambazo sisi tumefundishwa zisitazamwe.

Na mwanzoni zilitazama kweli, nisiwafiche. Picha za mwaka 2010 zilikuwa zinaonyesha umbo la mtu kama hana nguo, na ofisa amekaa chumba kingine anaangalia. Serikali zikasema msijali picha hazitunzwi. Halafu Agosti mwaka huo huo ikajulikana kwamba mashine moja ya mahakama kule Orlando, Florida, si ya uwanja wa ndege lakini ni jamii ile ile, ilikuwa imetunza picha kama 35,000. Elfu thelathini na tano! Sasa ukiambiwa hazitunzwi utaamini vipi?

Ndo maana watu wa dini walisimama. Februari 2010 baraza la fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, la Amerika Kaskazini lilisema Muislamu kupita kwenye mashine inayoonyesha mwili namna ile ni kinyume na mafundisho ya haya na stara, aombe kukaguliwa kwa mikono. Mwezi huo huo, Papa Benedikto wa 16 akiongea na watu wa sekta ya anga akasema hata kwenye ulinzi, cha kwanza kulindwa ni utu wa mtu. Mashehe na Papa mwezi mmoja, karibu neno moja. Inatokea mara ngapi hiyo?

Kelele zile zilisaidia. Leo mashine nyingi hazionyeshi mwili wako, zinaonyesha kikatuni, mdoli wa kuchora, mmoja kwa watu wote, na kiboksi pale penye kitu. Marekani zile za eksirei zilizokuwa zinaonyesha umbo waliziondoa kufikia 2013, bunge lao lilitaka zote ziwe na programu ya kikatuni na kampuni ikashindwa kuitengeneza. Ulaya walikataza mapema, kanuni za Novemba 2011, skana za eksirei hapana kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mabinti wajawazito na wale wanaoogopa mionzi, maana hili naulizwa kila wiki. Skana hizi za kikatuni zinatumia mawimbi ya milimita, ni ndugu wa mawimbi ya redio na simu, si eksirei. Hayaingii ndani, yanaishia kwenye ngozi. Mionzi yenyewe hasa unaipata huko juu ndege ikiwa hewani, inatoka angani, na hiyo hakuna anayeilalamikia. Ila kuna mashine nyingine tofauti kabisa, ya watu wa forodha, ya kutafuta dawa za kulevya tumboni, hiyo ni eksirei ya kweli. Wakikupeleka huko na una mimba, sema. Sema hata kama haijaonekana.

Na kwa sababu mawimbi yanaishia kwenye ngozi, mwenye chuma kwenye nyonga au goti, skana ni rafiki yako kuliko lile lango. Lango litalia, skana haitaona kitu. Mwenye mashine ya moyo vile vile, nenda kwenye skana usiende kwenye lango. Mwenye pampu ya insulini ni kinyume, baadhi ya watengenezaji wanasema isipite skana, kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya safari. Kinachosumbua skana ni vingine: kibindo (samahani mama), kitambaa mfukoni, jasho, mshono mnene wa suruali, na nywele. Dada zangu mliosuka rasta na mawigi, skana inaweka kiboksi kichwani, kila mara, na wanakuja kukupekua nywele. Wanawake weusi Marekani walilalamika mpaka 2015 idara ya usalama wa usafiri, TSA, ikakubaliana na mawakili wa haki za raia kwamba itafundisha maofisa wake upya kuhusu hizo nywele. Kufundishwa wamefundishwa. Mashine haijafundishwa.

Sasa tuje kwenye nchi, na hapa naomba vijana muandike kwenye simu zenu kwa ajili ya wazazi.

Marekani. Unaweza kukataa skana ukaomba mikono. Neno lao ni opti auti. Semeni na mimi. Opti auti! Tena! (Bibi mmoja pale kasema "opta wauti" na ofisa yeyote mwenye masikio atamwelewa.) Ukishasema hivyo, anakuja ofisa wa jinsia yako, na una haki ya kuomba chumba cha faragha, na una haki ya kuingia na mtu wako, binti yako, mumeo, uliyesafiri naye. Sehemu nyeti wanatumia mgongo wa kiganja. Hijabu huvuliwi mbele ya watu, wakitaka kukagua unaomba chumba na ofisa mwanamke. Lakini sikilizeni, tangu Desemba 2015 TSA walisema kwa baadhi ya abiria wanaweza kulazimisha skana hata ukiomba mikono, na tiketi yako ikiwa imewekwa alama ya ukaguzi wa ziada usije ukashangaa. Na jambo jingine, ukishaingia eneo la ukaguzi huwezi kusema basi nimeghairi narudi nyumbani. Mahakama yao ya rufaa ilishalisema hilo mwaka 2007. Ukianza, malizia.

Uingereza ndo ina hadithi ya kuumiza. Mwanzoni mwa 2010 pale Manchester, wanawake wawili walikuwa wanaenda Islamabad, mmoja akachaguliwa kwa skana akasema dini yangu hainiruhusu, mwenzake akasema mimi nina sababu za kiafya. Sheria wakati ule ilikuwa usipopita kwenye skana hupandi ndege. Hawakupanda. Tiketi za pauni 400 zikapotea hivi hivi. Sasa niambieni, walikosea nini? Hawakukataa kukaguliwa, walikataa mashine tu. Ilichukua mpaka Novemba 2013 serikali kubadilisha, sasa unaweza kuomba upekuzi wa faragha badala ya skana. Ila mjue upekuzi wenyewe ni mzito kuliko kupapaswa kwa kawaida, unafanyika chumbani na unaweza kufika mpaka kulegeza au kuvua baadhi ya nguo. Mimi binafsi, Uingereza, napita kwenye skana. Naona kikatuni kina stara kuliko chumba. Mwingine ataona tofauti na ni haki yake.

Nchi za Umoja wa Ulaya, Amsterdam, Frankfurt, Paris, kule ambako wengi mnaunganisha ndege, kanuni ni ile ya 2011 niliyoitaja: wanatakiwa wakwambie kabla kwamba kuna skana na kwamba unaweza kukataa, picha haitunzwi, haichapwi, na ukikataa unakaguliwa kwa mikono. Ndo lile tangazo la mama. Wajerumani wenyewe walizijaribu Hamburg 2010 mpaka 2011, watu kama laki nane wakapita, na serikali ikasema mashine hazifai bado maana zilikuwa zinapiga kelele kwa mikunjo ya nguo na jasho. Waliogoma si wapinzani, ni waziri wao wa mambo ya ndani. Walikuja kuzinunua baadae zilipoboreshwa.

Canada unachagua, skana au mikono, hawana shida. Australia ndo wagumu, sheria yao ya 2012, ukichaguliwa kwa skana unapita, msamaha ni kwa mwenye sababu ya kiafya au ya kimwili, na ukigoma hupiti ukaguzi kwa saa 24. Kwa hiyo mwenye mtoto Perth asiende kule na opti auti yake ya Marekani. Haki haisafiri na pasipoti! Haki ni ya pale ulipokanyaga.

Na hiyo inanileta Ghuba, ambako nusu ya ndege zetu zinapitia. Dubai mwaka 2010 polisi wao walitangaza hawataweka skana za kuonyesha mwili, wakasema zinapingana na stara na desturi zao. Wengi tukasema alhamdulillah. Lakini tarehe 2 Oktoba 2020, Doha, kichanga kilikutwa kimetupwa pale uwanjani, na wanawake wakashushwa kwenye ndege kadhaa wakapelekwa kukaguliwa miili yao kwa lazima kuangalia nani kajifungua. Sio skana. Watu, kwenye magari ya wagonjwa, na wengi hawakuelezwa kwa nini. Serikali ya Qatar iliomba radhi baadae, na baadhi ya wanawake wa Australia wakafungua kesi kwao, mwaka 2024 jaji akaitupa sehemu kubwa, mwaka 2025 mahakama ya juu yake ikairudisha kwa sehemu. Siwatishi, mimi mwenyewe napita kule kila mwaka na nitapita tena. Nasema hivi kwa mabinti zetu wanaoenda kazi huko: anayetaka kukugusa mwili muulize wewe ni nani, kwa nini, na omba mwanamke, na omba mtu wa ubalozi. Hata kama sauti inatetemeka.

Sasa hela. Najua mnasubiri hela. Mama alikosa ndege, je alilipwa? Hakulipwa. Ile sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 inayotoa euro 250, 400, 600, inahusu shirika la ndege likichelewesha, likifuta safari au likikunyima nafasi. Kama umekwama kwenye ukaguzi na geti limefungwa, shirika linasema sisi tulikuwepo, wewe hukuwepo. Na wakikuzuia kwa sababu ya usalama yenye msingi, sheria yenyewe imewatoa. Lakini Wajerumani wana mahakama yao Frankfurt, Januari 2022 iliamua abiria waliofika mapema, saa tatu kabla, wakakwamishwa na foleni ya ukaguzi mpaka wakakosa ndege ya Jamhuri ya Dominika, serikali iwalipe, zaidi ya euro elfu moja. Wao walikuwa na kitu ambacho mama hakuwa nacho: walionyesha walifika saa ngapi. Kwa hiyo piga picha. Sio ya kibanda, watakunyang'anya simu, piga picha ya foleni kabla ya eneo la ukaguzi, tunza bodingi pasi, andika saa. Na muda wa kuunganisha ndege chini ya saa mbili na mzee wa miaka 70, tafadhali, msinunue kwa sababu imepungua dola 80. Nawaambia kama mtu anayewauzia hiyo tiketi.

La mwisho nimeliacha makusudi. Novemba 2010, Detroit, mwalimu mstaafu wa miaka 61, aliugua kansa ya kibofu akawekewa mfuko wa mkojo tumboni. Skana ikauona. Wakaanza kumpapasa, akawaambia polepole jamani kuna mfuko, hawakumsikiliza, mfuko ukachia, mkojo ukamwagika kwenye nguo zake na akapanda ndege hivyo hivyo. Mkuu wa TSA alimpigia simu mwenyewe kumuomba radhi. Baadae wakaweka utaratibu wa kadi, unampa ofisa kimya kimya imeandikwa una nini na wapi, bila kupayuka mbele ya watu. Kadi hiyo haikuondolei ukaguzi, inamfanya ajue pa kuwa na adabu. Hakuna anayekukataza kuandika yako.

Hapo nilimaliza, tukala pilau. Wakati natafuta bodaboda mzee mmoja akanifuata nje, kanishika mkono akanivuta pembeni ya mtaro. Anaenda kwa mwanae Minnesota mwezi ujao. Ana huo mfuko. Hata watoto wake hawajui upo upande gani. Nikarudi ndani, nikaomba karatasi ngumu, nikamuandikia kwa Kiingereza kwa herufi kubwa, mistari miwili tu, akaikunja akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Akapiga hatua tatu, akarudi. "Niandikie na nyingine mwanangu, ya mama yenu. Yeye ana chuma mguuni, ila usimwambie nimekwambia."